Mpango wa Mji ni Amana ya Wajukuu

Mtu ajengaye nyumba ya vyumba viwili kwa ajili yake na mkewe na mtoto wao mmoja hana lawama. Lakini akiisha kujaliwa watoto saba, na mama yake mzee akaja kukaa naye, naye akashikilia kwamba ramani ni ile ile ya siku ya harusi, hapo lawama humstahili. Kosa lake si kujenga nyumba ndogo. Kosa lake ni kukataa kuipima upya. Na mji, wasomaji wetu wapenzi, ni nyumba kubwa. Nao una ramani yake, ambayo wataalamu huiita Mpango Kabambe, yaani maandiko yasemayo leo mahali zitakapopita barabara za miaka ishirini ijayo, mahali watakapopita waendao kwa miguu, mahali yatakapotoka maji ya kunywa, na mahali yatakapokwenda maji ya mvua.

Twapenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa mji wa Dar es Salaam, kwa sababu ni mji ambao wengi katika wasomaji wetu wanauishi, au wana ndugu zao humo. Watu wengi hudhani kuwa mipango ya mji ni kazi ya wahandisi na wapima ardhi peke yao, na kwamba mwananchi hana la kusema. Sisi twaona vingine. Mama aamkaye saa kumi za usiku kukinga maji kabla bomba halijakauka, kijana asimamaye kituoni saa nzima akingoja gari, na mtoto avukaye barabara kuu kila siku kwenda chuoni, hao wote wanaishi ndani ya mpango wa mji, ama uliofuatwa ama uliosahauliwa.

Ramani zilizotangulia

Aliyeanza kuujenga mji huu ni Sultani Majid bin Said wa Unguja, katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao. Walipokuja Waingereza waliugawa mji kwa rangi za watu: Wazungu wakakaa upande wa bahari wenye upepo, Wahindi wakakaa katikati, na Waafrika wakawekwa Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka. Mwaka 1949 kampuni ya Uingereza ya Sir Alexander Gibb na wenzake ilitoa Mpango Kabambe wa kwanza. Mpango huo ulitaka mabonde ya vijito yaachwe wazi ili upepo wa bahari upite, lakini mabonde hayo hayo yaliendelea kuwatenga watu mtaa kwa mtaa.

Baada ya Uhuru Serikali iliupima mji upya mara mbili kwa msaada wa wataalamu wa Kanada: mara ya kwanza mwaka 1968, na mara ya pili mwaka 1979. Mpango wa 1979 ulitazama miaka ishirini mbele. Sasa na tuitazame hesabu ya watu. Mwaka 1957 mji ulikuwa na watu wapatao 128,000. Mwaka 1967 walifika 272,000. Hesabu ya 1978, ambayo ndiyo iliyokuwa mikononi mwa waandishi wa mpango wa mwisho, iliuonyesha mkoa wote una watu 843,000. Mwaka 2002 walikuwa karibu milioni mbili na nusu. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541. Na sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728.

Yafaa tusimame hapa kidogo. Miaka ishirini ya mpango wa 1979 ilikwisha mwaka 1999. Tangu mwaka 1992 palikuwa na juhudi za kuwashirikisha wananchi katika kupanga maeneo yao, na juhudi hizo zilikuwa na faida zake. Walakini mpango mwingine kamili wa mji mzima haukushika mahali pa ule uliokwisha. Mpango mpya uliandaliwa kwa miaka ya 2016 hadi 2036. Kwa hiyo kwa muda mrefu watu zaidi ya milioni nne waliishi katika mji uliopimwa kwa ajili ya watu wachache mno kuliko wao. Na watu hawakungoja ramani. Mtu mwenye watoto hawezi kuwaambia walale nje mpaka mpima ardhi afike. Walinunua viwanja kwa kuandikiana mbele ya mjumbe, wakajenga; na barabara, mitaro na mabomba yakaachwa yatafute nafasi baadaye, kama mgeni aingiaye msikiti uliokwisha kujaa.

Jangwani, mahali mambo yote hukutana

Atakaye kujua kwa nini barabara, njia ya miguu na maji havipaswi kupangwa mbali mbali, na aende akatazame bonde la Jangwani. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Kisarawe na Pugu, ukapita katikati ya mji, ukaingia baharini penye Daraja la Salenda. Barabara ya Morogoro, ambayo ni mshipa mkubwa wa mji, huuvuka mto huo Jangwani. Wakati wa kiangazi mto ni kijito tu ambacho kijana aweza kukiruka. Na kwa sababu hiyo watu husahau kuwa bonde lote, toka ukingo hadi ukingo, ni kitanda chake. Mto umelala upande mmoja wa kitanda, lakini siku ya mvua hugeuka.

Uligeuka Desemba 2011. Mvua iliyonyesha siku zile ilitajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu Uhuru. Watu wapatao 40 walipoteza maisha yao, na maelfu wakabaki bila makao. Serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, nje ya mji upande wa kaskazini magharibi. Wengine walikaa huko. Lakini wengine walirudi bondeni, kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo, na nauli ya kutoka Mabwepande ilikula faida ya siku nzima. Hapo twajifunza kwamba aliyehamisha nyumba bila ya kuipangia usafiri hajahamisha kitu.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi toka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, njia yenye urefu wa kilometa 21 hivi. Ilikuwa neema kubwa. Safari iliyokuwa ikila asubuhi nzima ilifupika, na pembeni mwa barabara zikajengwa njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Mji ulipewa kwa kazi hiyo Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, tuzo ya kimataifa. Lakini kituo kikuu cha kulaza na kutengeneza mabasi yale kilijengwa wapi? Kilijengwa Jangwani, kitandani mwa mto. Katika miaka iliyofuata maji yaliingia humo si mara moja, mabasi yakaharibika, barabara ikafungwa, na watu wa Kimara na Magomeni wakawa hawana njia ya kwenda kazini. Mpango wa barabara ulikuwa mzuri. Ila haukuuliza mto.

Kosa hilo sasa lina dawa yake. Mwaka 2018 palifanywa mikutano mirefu iliyowakutanisha wataalamu, watu wa serikali na wakazi wa bondeni wenyewe, ili wapange pamoja bonde lote badala ya kila mmoja kupanga kipande chake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali mkopo kwa ajili ya kazi hiyo: kujenga daraja jipya la juu Jangwani, kuuchimba na kuupanua mto, kukihamisha kituo cha mabasi, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya watu wote, ambayo maji yaweza kuifunika siku ya mvua bila ya kumdhuru mtu. Wenye nyumba walianza kulipwa fidia mwaka 2023.

Wapo waliosema kwamba fidia waliyopewa haitoshi kununua kiwanja kingine mahali penye barabara na bomba. Hatupendi kuyapuuza maneno yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 toka ukingo wa mto, na sheria hiyo ni ya haki, kwa kuwa inalinda roho. Lakini mtu huyo alipojenga, hapana aliyemzuia. Wengine walilipa kodi ya nyumba miaka na miaka, na nguzo za umeme wakaletewa. Rai yetu ni kwamba kumwacha mtu bondeni ni kumdhulumu, na kumtoa bila ya kumwezesha kuishi penginepo ni kumdhulumu vile vile. Mpango mwema ni ule unaoziepuka dhuluma zote mbili.

Maji ya kunywa

Katika mji huu maji hupungua mabombani hata mwaka ambao yalizidi mabondeni. Mtambo wa Mtoni, ulio mkongwe kuliko yote, hauwezi kuutosheleza mji. Tegemeo kubwa ni Mto Ruvu, unaotoka katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Baada ya kupanuliwa, mtambo wa Ruvu Juu waweza kutoa lita milioni 196 kwa siku, na wa Ruvu Chini lita milioni 270. Jumla yake ni lita milioni 466.

Hesabu hiyo yapendeza karatasini. Lakini mitambo yote miwili inakunywa katika mto mmoja, na mtambo hauwezi kusukuma maji yasiyokuwamo. Mvua zilipochelewa mwaka 2022, mto ulishuka, maji yakapungua hadi lita milioni 300 hivi kwa siku, na mwezi wa Oktoba mgao ukatangazwa. Madumu yakapanda bei. Palipokuwa na kisima watu walipanga foleni. Na visima vingi vya karibu na pwani maji yake yana chumvi, kwa kuwa maji matamu yakivutwa mno chini ya ardhi, ya bahari huja kushika nafasi yake. Katika siku zile visima virefu vya Kigamboni viliunganishwa na mabomba ya mji ili kupunguza dhiki. Na mwaka 2023 ujenzi wa bwawa la Kidunda ulianza mkoani Morogoro, nalo limepimwa kuhifadhi lita bilioni 190, ili maji ya masika yangoje kiangazi.

Kwa hiyo mpango wa maji ya Dar es Salaam hauishii Dar es Salaam. Mkulima wa Uluguru akatapo mti kando ya chemchemi anaugusa mtungi wa mama wa Mbagala. Na mama wa Mbagala hana haki ya kumlaumu mkulima huyo, ikiwa mji unakunywa maji yake wala haumsaidii kuishi bila ya kukata mti. Nasi tulio mjini tunalo la kufanya. Tumefundishwa tangu utotoni tusifanye israfu ya maji hata katika kutawadha. Basi bomba la msikitini lidondokalo usiku kucha, na bomba la mtaa lililopasuka likaachwa juma zima bila ya mtu kutoa habari, hayo yote ni maji yaliyokwisha kusafishwa na kulipiwa, nayo yanamwagika.

Njia ya mwenda kwa miguu

Twafika sasa kwa yule ambaye ramani nyingi humsahau. Barabara kubwa hupewa majina na sherehe. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, la juu la Tazara mwaka 2018, la Ubungo mwaka 2021. Yote yana faida. Lakini katika familia zetu ni wangapi walio na gari? Walio wengi hutoka nyumbani kwa miguu, wakaenda kwa miguu hadi kituoni, wakashuka wakaenda tena kwa miguu. Hata mwenye kupanda mwendokasi ni mwenda kwa miguu kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Ikiwa uchochoro wake ni tope, na kivuko chake hakina taa, safari yake imeharibika kabla haijaanza.

Ipo kazi moja iliyofanywa katika mji huu ambayo twapenda vijana wetu waijue. Shirika liitwalo Amend lilikwenda katika shule za msingi zilizo karibu na barabara hatari, likatazama wanafunzi wanapita wapi, wanavuka wapi, na wanagongwa wapi. Kisha likafanya mambo madogo: likajenga njia ya miguu hapa, matuta pale, nguzo za kuyazuia magari mahali pengine, na mara nyingine likalihamisha lango la shule tu, toka upande wa barabara kuu hadi upande wa mtaa ulio mtulivu. Kazi hiyo ilipata tuzo kubwa ya kimataifa mwaka 2019, ikishindana na kazi za miji mikubwa ya dunia. Lango la shule si jambo la fedha nyingi. Lahitaji tu mtu wa kutazama mtoto anapita wapi.

Na katika kutazama huko vijana wameonyesha mfano. Tangu mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa mitaa, walitembea kata kwa kata katika kazi iliyoitwa Ramani Huria. Walichora vichochoro, mitaro na vivuko ambavyo havikuwamo katika ramani yo yote, na wakawauliza wazee: maji ya mafuriko yalifika wapi, magotini au kiunoni? Mzee aliyeishi Tandale miaka arobaini anajua mambo ambayo mpima ardhi hawezi kuyaona kwa chombo chake. Elimu yake ilikuwa kichwani. Ikatiwa katika ramani, nayo ikawa mali ya mji.

Nani ashike amana hii?

Mto haujui mipaka ya halmashauri. Dar es Salaam ina halmashauri tano: Ilala, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo ibebayo jina la Jiji, na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Barabara moja huanzia katika halmashauri moja ikaishia katika nyingine. Taka zitupwazo mtaroni Ubungo huziba daraja la Kinondoni. Ikiwa kila moja itaupima upya upande wake peke yake, tutapata ramani tano nzuri na mji mmoja mbovu. Wakuu wetu hawana budi kukaa pamoja katika jambo hili. Na mpango usingoje miaka ishirini ndipo utazamwe, bali utazamwe kila sensa itokapo, kwa kuwa watu huongezeka kila mwaka hata kama karatasi haibadiliki.

Lakini amana hii haiko kwa wakuu peke yao. Baba atakaye kununua kiwanja, asiangalie bei tu. Aende ofisi ya ardhi ya halmashauri aulize kiwanja hicho kimepangiwa nini, na aende akakione wakati wa masika, si wakati wa kiangazi. Bei ndogo ya kiwanja cha bondeni huwa ni sehemu ya kwanza tu ya malipo. Inapotangazwa katika mtaa kwamba rasimu ya mpango itasomwa, asiende mwenyekiti na wazee watatu tu. Na waende akina mama, kwa kuwa wao ndio wajuao bomba linatoka saa ngapi, na vijana, kwa kuwa mwaka 2036 wao ndio watakaokuwa na watoto wa kuvusha barabara. Nao waulize maneno mepesi: Maji ya mvua ya mtaa huu yatakwenda wapi? Mtoto wa shule atapita wapi? Mvua ikikosa mwaka mmoja, tutakunywa nini? Mpango usioweza kuyajibu maswali matatu hayo, hata ukiwa na rangi nzuri na muhuri, bado haujakamilika.

Na uchochoro ulioachwa katika mtaa kwa ajili ya kupita watu na maji, mtu asiuingize katika uzio wake kwa usiku mmoja. Dini yetu imehesabu kuondoa kidhia njiani kuwa ni katika imani. Basi itakuwaje hali ya yule aiondoaye njia yenyewe? Nafasi ile ya futi sita ni ya maiti atakayebebwa, ya mgonjwa atakayekimbizwa hospitali, na ya mvua itakayokuja. Waliotutangulia walituachia mji wenye ramani iliyopitwa na watu wake. Twaweza kuwaachia wajukuu wetu ramani iliyo mbele ya watu wake, nao wakaikuta njia ikiwa wazi na mtungi ukiwa na maji. Kazi hiyo ya kuipima nyumba upya huanza katika mkutano wa mtaa ujao, nayo yawataka watu wa kuhudhuria.